Ngazi Tano

Ngazi tano za ofisi ya sheha, Kiungoni,
nilizijenga mie, Mbwana Shaame, kwa mikono hii.
Matofali nilifyatua mwenyewe, saruji ya mkopo,
juu nikapaka rangi nyekundu, nikaisugua kwa nta
hata mwenye kupanda aone kivuli cha kiatu chake.
Nilikuwa nikipita hapo hata siku nisiyo na safari.

Raya Faki hakuzipanda hata mara moja.
Kila mkutano alifika wa mwanzo,
kigari chake akakiegesha chini ya dirisha la pili,
penye kivuli mpaka saa nne, halafu jua.
Sisi ndani, yeye nje.
Likifika suala la maji, sauti yake ilipenya kwenye nondo:
"Bomba la Kwa Machano mwezi wa tatu huu kavu!"
Akainuka mtu kuvuta dirisha: "Kelele za watoto hizo."
Mwenye kuinuka, siku moja, nilikuwa mie.

Kisha ile siku ya karatasi ya mahudhurio.
Katibu, Hamad, kijana mwenye hati nzuri,
aliandika waliomo. Arubaini na wawili.
Raya akagonga nondo kwa ufunguo:
"Na mie waniandika wapi?"
Hamad akatazama karatasi, akatazama dirisha.
Palikuwa na nafasi ya jina, ya saini, ya namba ya simu.
Hapakuwa na nafasi ya nje.
"Basi andika Raya hayupo," akasema,
"halafu uwaeleze ni nani aliyekuuliza."

Watu walicheka. Mie kicheko kilinikwama kooni,
nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu, nne,
tano.

Sikuwa na moyo wa kuzivunja.
Nikamwaga mteremko pembeni, mfupi, wa harakaharaka,
kwa saruji iliyobaki ya birika la msikiti,
usiguse maua ya sheha wala pahala pa pikipiki yake.
Raya akaja, akautazama, akainamisha kichwa:
"Fundi, huu umemjengea mbuzi."
Akajaribu vivyo hivyo. Nusu ya njia magurudumu yakarudi,
nikamdaka kwa nyuma, na viganja vyangu vikatambua
uzito anaousukuma kila siku kutoka kwao mpaka barabarani.

"Ukipanda shubiri moja, urefu uwe shubiri kumi na mbili."
Ananifunza yeye, asiyewahi kushika mwiko.
"Nani kakwambia?"
"Kuanguka."

Nikavunja. Nikavunja na zile ngazi.
Wekundu wangu ukabanduka vipande vipande
kama ganda la kidonda kilichokwisha kupona.
Maua yalikwenda. Pikipiki ikahamia kwenye mnazi.

Jumamosi iliyofuata akaingia.
Mlango mwembamba: vifundo vya vidole vikakwaruza fremu,
tone la damu likabaki kwenye mbao.
Tukamsubiri ashukuru,
tulishazitengeneza nyuso za kushukuriwa.
Raya akaipokea karatasi, akaandika jina, akalipigia mstari,
kisha akamgeukia sheha:
"Zile elfu mbili mbili tulizochanga za bomba,
risiti iko wapi?"

Kimya, hata feni ikasikika.
Mtu nyuma yangu akanong'ona, afadhali alipokuwa dirishani.
Nilimsikia.
Sikuinuka kufunga kitu.

Siku hizi magunia ya karafuu hupitia mteremkoni,
watoto huuteleza kwa makuti wakafukuzwa, wakarudi.
Bi Salhina wa magoti hazungumzi tena na ukuta akipanda.
Na mie goti langu la kushoto nalipitisha papo hapo,
ingawa mbele za watu sijakiri.

Bomba la Kwa Machano bado latoa pumzi tu.
Risiti imeonekana nusu.
Mkutano ni Jumamosi, saa tatu, ajenda kaandika Raya.
Mie nitatangulia saa moja,
na tindo na nyundo,
kwa ajili ya ule mlango.